Barua ya utayari: kisa cha benki ya TSB na namna ya kumpima mshirika wa kuunganisha mifumo

Ijumaa ya tarehe 20 Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilifunga huduma zake za mtandaoni ili kuwahamisha wateja wake milioni 5.2 kutoka mifumo ya kompyuta ya Lloyds kwenda kwenye mfumo mpya ulioitwa Proteo4UK. Jumapili jioni huduma zilipofunguliwa, data ilikuwa imefika salama. Kilichoshindwa kufanya kazi ni mfumo ulioipokea. Watu hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao, baadhi walioingia wakaona taarifa za watu wengine, na waliokimbilia matawini au kupiga simu wakakuta wahudumu nao wamekwama, kwa sababu tawi na kituo cha simu vilitegemea mfumo uleule.

Wateja waliofungiwa nje walifikia milioni 1.9. Hadi Aprili 2019 benki ilikuwa imepokea malalamiko 225,492, na fidia iliyolipwa ilikuwa pauni milioni 32.7. Wateja 80,000 walihamishia akaunti zao kwingine, Mtendaji Mkuu Paul Pester akaondoka Septemba 2018, na huduma hazikutengemaa kikamilifu mpaka Desemba mwaka huo. Hasara ya jumla ilifika pauni milioni 330. Desemba 2022 wasimamizi wawili wa sekta ya fedha, FCA na PRA, wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Mifumo ya benki huanguka mara nyingi duniani, na kwa kawaida sababu hufungiwa kabatini. Kisa hiki kina thamani ya pekee kwa sababu kabati lilifunguliwa. Kuna maelezo ya awali ya IBM, kampuni ya teknolojia ambayo TSB iliiita isaidie, yaliyoandikwa wiki moja baada ya tukio na kuchapishwa na kamati ya bunge la Uingereza. Kuna ripoti ya kampuni ya mawakili ya Slaughter and May iliyotolewa Novemba 2019, na kuna maamuzi ya wasimamizi. Ukivisoma pamoja unaona mahali mambo yalipoanza kwenda kombo: pale benki ilipomchagua mshirika wa teknolojia, na namna ilivyoendelea kumwamini bila kumpima.

Undugu ulichukua nafasi ya upekuzi

TSB ilizaliwa upya Septemba 2013 kwa kukatwa kutoka Lloyds, kwa kuwa Tume ya Ulaya ilidai Lloyds ipunguzwe baada ya serikali kuiokoa kwa fedha za umma. Iliondoka na matawi, wafanyakazi na wateja, lakini mifumo ya kompyuta ikabaki ya Lloyds, na TSB ikawa inailipia huduma hiyo kila mwaka. Mwaka 2015 benki ya Sabadell ya Hispania iliinunua TSB kwa pauni bilioni 1.7. Hesabu ya Sabadell ilikuwa wazi: kuitoa TSB kwa Lloyds na kuiweka kwenye mfumo wa Sabadell kungeokoa pauni milioni 160 kwa mwaka. Lloyds nayo ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kuchangia pauni milioni 450 za gharama za kuhama.

Kazi ya kujenga mfumo na kisha kuuendesha ilipewa SABIS, kampuni ya teknolojia ya Sabadell yenyewe. Benki iliyokuwa ikitafuta mshirika ilikuwa mtoto, na mshirika alikuwa mtoto wa mzazi huyohuyo. Katika hali kama hiyo, nani atamwuliza mwenzake maswali magumu? Wasimamizi walikuta kwamba TSB haikufanya upekuzi rasmi na wa kina wa uwezo wa SABIS, na kwamba hata mambo yalipobadilika njiani haikurudi kuupima upya uwezo huo.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mazingira yale yapo kwetu pia. Benki nyingi za Afrika Mashariki ni matawi ya makundi yenye makao Nairobi, Lagos, Johannesburg au Ulaya, na kampuni tanzu huambiwa itumie mfumo wa kundi na wataalamu wa kundi. Kampuni ya nje ikiomba kazi hiyo itapitia zabuni, itadaiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, barua za wateja na wasifu wa wahandisi. Ndugu wa kundi hupita bila kudaiwa lolote kati ya hayo. Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba faili la upekuzi la kampuni ndugu liwe nene kuliko la mgeni, na liwekwe saini na mtu ambaye ajira yake haitegemei makao makuu, kama mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi au mjumbe huru wa bodi.

Mfumo umekomaa, lakini wapi?

Hoja iliyoibeba SABIS ilikuwa kwamba mfumo wa Proteo wa Sabadell, ambao Proteo4UK ilitokana nao, umethibitika. Haikuwa hoja ya uongo. Sabadell ilikuwa imeutumia Hispania kwa miaka mingi, na ilikuwa imezimeza benki kadhaa za nchini humo, zikiwemo kubwa kama CAM, na kuziingiza kwenye mfumo huo.

Lakini tazama kazi yenyewe. Hispania, benki iliyonunuliwa iliingizwa kwenye mfumo ambao tayari ulikuwa unahudumia mamilioni ya watu, kwa sheria za nchi ileile na mitandao ya malipo ileile. Uingereza, mfumo ulipaswa kujengwa upya kwa kiasi kikubwa, uzungumze na mitandao ya malipo ya Uingereza (Faster Payments, Bacs na CHAPS), uendeshwe kwenye vituo viwili vya data vinavyofanya kazi kwa pamoja kwa wakati mmoja, na utegemee wakandarasi wadogo wa Uingereza ambao SABIS haikuwa na uzoefu wa kuwasimamia kwa wingi ule. Slaughter and May walionyesha kwamba Proteo4UK ilikuwa na mambo mapya mengi kuliko bodi ya TSB ilivyoelewa.

Kwa hiyo swali la "mmeshafanya kazi kama hii?" halina maana mpaka livunjwevunjwe. Benki inayojua kazi yake humuuliza mzabuni vipengele kimoja kimoja: benki yenye idadi gani ya akaunti, toleo gani la mfumo mkuu, mlihamisha kwa mkupuo au kwa mafungu, mitandao gani ya malipo iliunganishwa, vituo vya data vilikuwa vingapi na kila kimoja kilibeba sehemu gani ya kazi, na nani kati ya watu waliofanya kazi ile atakaa hapa kwetu, kwa jina na kwa miezi mingapi. Swali hili la mwisho ndilo huumiza wazabuni wengi. Kampuni huonyesha mradi mzuri wa miaka minne iliyopita, kumbe wahandisi wote walioujenga wameshaondoka.

Mteja wa zamani wa mzabuni apigiwe simu bila mzabuni kuwepo, na aongee aliyekuwa zamu usiku wa kuhama, si mkurugenzi aliyekata utepe. Aulizwe kitu kimoja tu kwa urefu: usiku ule ulipoharibika, walifanya nini? Mradi wa kuunganisha mifumo ya benki usioharibika hata kidogo hatuujui. Anayejibu kwamba kila kitu kilikwenda vizuri ama hakuwepo, ama anaficha.

Kampuni 85 nyuma ya moja

Mkataba mkuu wa TSB ulikuwa na SABIS. Nyuma ya SABIS kulikuwa na kampuni nyingine 85: za vituo vya data, mitandao, programu, usalama, simu. Msimamizi huziita kampuni za daraja la nne, yaani mkandarasi wa mkandarasi wako. Mteja wa TSB aliyebonyeza kitufe cha kuingia kwenye akaunti alipitia mikono ya kadhaa kati yao kabla ya kuona salio.

Hapa ndipo benki nyingi hukosea hata leo. Hati ya zabuni huwa na mstari mmoja: "Taja wakandarasi wadogo." Mzabuni hutaja watatu. Kinachotakiwa ni ramani. Chukua huduma kumi ambazo zikisimama mteja atalia ndani ya saa moja: kuingia kwenye programu ya simu, kutoa fedha ATM, kutuma kwenda mtandao wa simu, kupokea mshahara, na kadhalika. Kwa kila huduma, mzabuni achore njia nzima ya ombi kuanzia simu ya mteja mpaka hifadhidata na kurudi, na kila kituo njiani kiandikwe jina la kampuni inayokiendesha, saa zake za kazi, muda wake wa kuitikia tatizo, na kama mkataba wake unalingana na ule wa benki. Mara nyingi utagundua kwamba mshirika wako amekuahidi kurekebisha tatizo ndani ya saa 1, huku kampuni inayomuuzia mtandao imemwahidi yeye saa 8. Ahadi ya saa 1 basi haipo, hata kama imepigwa muhuri.

Baada ya ramani huja haki ya ukaguzi. Mkataba useme kwamba mkaguzi wa benki, na benki kuu, wanaweza kuingia kwa mkandarasi wa daraja la nne, na kwamba hakuna mkandarasi muhimu atakayebadilishwa bila benki kuarifiwa mapema, walau siku 60. Ulaya jambo hili sasa ni sheria: kanuni iitwayo DORA, iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025, inazitaka benki ziwe na daftari la mikataba yote ya teknolojia pamoja na mnyororo wa walio nyuma yake.

Barua

Kabla ya kuwasha mfumo, TSB ilihitaji uthibitisho kwamba SABIS na wakandarasi wake wako tayari kuuendesha. SABIS ilileta barua. Wasimamizi na Slaughter and May waliipekua, na hitimisho lao linapaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila idara ya ununuzi wa teknolojia: yaliyoandikwa humo kuhusu wakandarasi yalikuwa kauli za matarajio na nia njema kuhusu siku zijazo. Hayakuwa uthibitisho kwamba jambo fulani limekwishafanyika na limefaulu. Barua ilichukuliwa kama ushahidi, na kazi ikaendelea.

Aliyewajibishwa binafsi ni Carlos Abarca, ofisa mkuu wa habari na teknolojia wa TSB wakati huo. Aprili 2023 PRA ilimtoza faini ya pauni 81,620 kwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha benki inasimamia ipasavyo kazi iliyokabidhiwa SABIS, ikiwemo kupata hakikisho la kutosha juu ya utayari wake.

Tofauti kati ya kauli na ushahidi ni rahisi kuiona ukiiweka kwenye karatasi. "Tunatarajia kituo cha data kitamudu mzigo wa siku ya kuanza" ni kauli. Ushahidi husomeka hivi: "Tarehe fulani, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, tuliendesha maombi 450 kwa sekunde kwenye vituo vyote viwili, maombi 99 kati ya 100 yalijibiwa chini ya sekunde 2, makosa yalikuwa haya, kumbukumbu za mashine zimeambatishwa, msimamizi wa benki alikuwepo na ametia saini." Kauli ya kwanza haiwezi kukaguliwa. Ya pili inaweza kukaguliwa, na mtu anaweza kuikuta ina dosari.

Kila barua ya utayari ipitiwe kwa kalamu nyekundu. Kila kitenzi cha wakati ujao kizungushwe. Kila kilichozungushwa kirudi kwa mkandarasi na maswali matatu: lini mlijaribu, kwa kiwango gani, matokeo yako wapi? Kisichojibiwa kihamishiwe kwenye orodha ya hatari inayokwenda kwenye bodi, kikiwa na jina la ofisa wa benki anayekubali kuibeba. Watu huwa waangalifu sana majina yao yanapoandikwa.

Majaribio yaliyoacha nusu ya mfumo

Proteo4UK ilikuwa na vituo viwili vya data vilivyopaswa kugawana kazi. Majaribio ya mzigo yalifanywa kwenye kimoja tu. Siku ya kuanza, vyote viwili vilipopokea wateja halisi, ikadhihirika kwamba usanidi, yaani mipangilio, wa kimoja haukulingana na wa kingine. Tatizo la usanidi wa miundombinu, upungufu wa uwezo na kasoro za programu yenyewe vikakutana siku moja.

Kwa nini kujaribu kituo kimoja hakutoshi, ilhali inasemwa vimejengwa sawa? Kwa sababu vituo viwili havibaki sawa. Mhandisi hurekebisha tatizo usiku kwenye kimoja na kusahau kingine. Vitu vinavyotofautiana kimyakimya ni vilevile kila mara: idadi ya miunganisho inayoruhusiwa kwenye hifadhidata, muda wa kusubiri jibu kabla ya kukata, vyeti vya usalama vilivyokwisha muda, kanuni za ulinzi wa mtandao, na toleo la programu ya tabaka la kati. Kila kimoja kinaweza kufanya kazi vizuri kwa watumiaji elfu moja na kuziba kwa elfu hamsini.

Mshirika anayefaa huleta mpango wa majaribio wenye sehemu tatu, na benki ikatae uliopungua. Kwanza, vituo vyote viwili kwa pamoja vikiwa kwenye mzigo wa juu. Pili, kila kimoja peke yake kikibeba mzigo wote, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuwa na viwili. Tatu, kimoja kizimwe kwa makusudi katikati ya mzigo wa juu, huku watu wa hesabu wakiangalia kama kuna malipo yaliyoingia mara mbili au kupotea. Sehemu ya tatu ndiyo wakandarasi huikwepa zaidi, na ndiyo huonyesha mengi.

Mzigo wa juu nao ukadiriwe kwa akili. Tuchukue benki yenye watumiaji 400,000 wa programu ya simu, ambayo siku ya mshahara huingiwa na watu 60,000 ndani ya saa moja. Hao ni kama 17 kwa sekunde. Benki ikifungwa wikiendi nzima, wakati wa kufungua wataingia wengi kuliko siku ya mshahara, kwa sababu kila mtu anataka kuhakikisha fedha zake zipo. Weka mara tatu: 50 kwa sekunde. Kila anayeingia huita huduma kama nane nyuma ya pazia (salio, kadi, mikopo, arifa na nyinginezo), hivyo mfumo hupokea maombi 400 kwa sekunde. Na mfumo ukianza kusuasua, mteja hatulii kusubiri. Anabonyeza tena, mara tatu, mara nne, na mzigo unajizalia mzigo mwingine. Mkandarasi aliyepima kwa maombi 17 kwa sekunde amepima benki nyingine.

Katika maelezo yake ya awali, IBM ilisema haikuona ushahidi wa vigezo vikali vya kuthibitisha utayari wa kuanza, na kwamba majaribio ya utendaji hayakutoa ushahidi uliohitajika wa uwezo wa mfumo. Ilitaja mambo ambayo ingetarajia kuyaona kwenye kazi ya ukubwa ule, yakiwemo mazoezi kamili ya usiku wa kuhama na maandalizi ya kikosi cha kuendesha mfumo baada ya kuhama.

Kuna na suala la kasoro. Taarifa zilizotoka mwaka 2019 zilionyesha kwamba mfumo ulipowashwa kulikuwa na kasoro zipatazo 2,000 zilizohusiana na majaribio, wakati bodi ilikuwa imeelezwa 800. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: benki ipewe ruhusa ya kusoma daftari la kasoro la mkandarasi moja kwa moja, kila siku, badala ya kusubiri slaidi za kila mwezi. Na isihesabu tu zilizobaki. Ihesabu mpya zinazofunguliwa kwa siku. Kama wiki mbili za mwisho idadi hiyo haishuki, mfumo bado una mambo ambayo hakuna aliyeyaona, hata kama zilizobaki ni chache.

Tarehe iliyotangulia kazi

Kuhama kulipangwa awali kufanyike Novemba 2017. Septemba mwaka huo TSB ilitangaza kwamba kumesogezwa hadi robo ya kwanza ya 2018, na tangazo lilitoka kabla mpango mpya haujakamilika. Slaughter and May waliuelezea mpango huo kuwa ulipangwa kutoka kulia kwenda kushoto: tarehe ya mwisho iliwekwa kwanza, kisha kazi zikabanwa ziingie. Kazi ambazo zingefuatana zikafanywa sambamba, na majaribio yakaminywa.

Kuchelewa kule kulikuwa nafasi ya kuuliza kwa nini mkandarasi alikosa tarehe ya kwanza, na kama sababu hiyo imeondoka. Swali halikuulizwa ipasavyo. Bodi pia haikuhoji vya kutosha uamuzi wa kuhamisha karibu wateja wote kwa mkupuo mmoja badala ya mafungu.

Katika kuchagua mshirika, hapa pana kipimo ambacho hakimo kwenye fomu yoyote ya zabuni: je, anaweza kukuambia hapana? Mpe katika mahojiano ratiba isiyowezekana, uone atafanya nini. Anayekubali kila tarehe ataikubali na ile itakayoiangusha benki. Mkataba nao usimsukume kwenye kosa hilo. Malipo yakifungwa kwenye tarehe, utaletewa tarehe. Yafungwe kwenye ushahidi: kwa mfano asilimia 20 baada ya mazoezi mawili kamili ya kuhama yaliyofaulu mfululizo, asilimia 25 baada ya siku 60 za uendeshaji bila tatizo kubwa, na sehemu nyingine igawanywe kwenye hatua za ujenzi. Mkandarasi mwenye uwezo hulalamika kidogo kuhusu mtiririko wa fedha, kisha husaini.

Kwa benki za kwetu, na kwa wanaotaka kufanya nazo kazi

Msingi wa sheria ni uleule kila mahali: benki hukabidhi kazi, haikabidhi dhamana. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya kuhusu kukabidhi kazi kwa watu wa nje, uliomo kwenye miongozo yake ya mwaka 2013, unasimama hapo, na Benki Kuu ya Tanzania inao wake. Juu yake ziko sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazoibana benki kujua data ya mteja inakaa wapi na nani anaiona. Mkandarasi wa daraja la nne anayehifadhi nakala za majaribio zenye majina na namba halisi za wateja kwenye seva ya nchi nyingine ni tatizo la benki kabla hajawa tatizo lake.

Tofauti yetu ni wingi wa miunganisho. Benki ya kawaida ya Dar es Salaam au Nairobi, mbali na mfumo mkuu, imeunganishwa na mitandao ya simu kadhaa, swichi ya kadi, mfumo wa malipo ya papo kwa papo (TIPS kwa Tanzania, PesaLink kwa Kenya), malipo ya serikali, mawakala, na taasisi za taarifa za mikopo. ATM na kadi huongea kwa ISO 8583, malipo mapya kwa ISO 20022 (viwango vya kimataifa vya ujumbe wa malipo), na katikati kuna API, yaani milango ambayo programu hutumia kuzungumza, za kila aina. Kila muunganisho una mtu wa upande wa pili ambaye hayumo kwenye mkataba wako na ana ratiba yake. Zoezi la kuhama lisilomshirikisha mtandao wa simu, naye akiwa zamu usiku huo, limeacha nje njia ambayo huenda wateja wengi zaidi wanaitumia.

Kinachoumiza zaidi hapa ni usuluhishi wa hesabu. Mteja ametuma kutoka benki kwenda simu, benki imekata, jibu la mtandao wa simu limechelewa sekunde 40 na mfumo wa benki umekata tamaa kwa sekunde 30. Fedha zimefika, benki inadhani hazijafika, na inamrudishia. Au kinyume chake. Miamala 200 ya namna hiyo kwa siku ni kazi ya watu watatu ya wiki nzima. Mzabuni aulizwe kabla ya yote namna anavyoshughulikia muamala ambao jibu lake halijulikani: namba moja ya kipekee inayosafiri na muamala kila mahali, kuuliza hali kabla ya kurudisha, kutorudia malipo bila kuuliza, na ripoti ya kila saa. Akijibu kwa kusitasita, hajawahi kukaa meza moja na idara ya hesabu.

Kwa kampuni changa ya Kariakoo au Westlands inayotaka kazi za benki, habari njema ni kwamba ukubwa si kigezo pekee. SABIS ilikuwa kampuni ya kundi kubwa. Kampuni ya watu 25 ikija na ramani ya wakandarasi wake wote, ripoti halisi ya majaribio yenye makosa yaliyokutwa na yalivyorekebishwa, kumbukumbu ya tukio moja baya iliyoandikwa kwa uaminifu, bima ya kitaaluma na mpango wa nani atapokea simu saa 9 usiku, inapita mbele ya jina kubwa lenye slaidi nzuri.

Jambo la mwisho la kukagua ni njia ya kutoka, na liandikwe siku ya kuingia. TSB iliondoka kwa mwenye mfumo mmoja ikaingia kwa mwingine. Baada ya maafa, Novemba 2019, ilitangaza mkataba na IBM ili usimamizi wa mfumo uwe mikononi mwa benki yenyewe badala ya SABIS. Kutoka kwa namna hiyo, katikati ya hasara, ni ghali kupindukia. Mkataba uweke tangu mwanzo muda wa mpito wa miezi 12 hadi 18 kwa bei iliyokwishakubaliwa, data yote itolewe katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, msimbo wa programu uhifadhiwe kwa mtu wa tatu na usasishwe kila toleo jipya linapotoka, na kila mwaka benki ijaribu kweli kuitoa data hiyo na kuihesabu, akaunti kwa akaunti, shilingi kwa shilingi.